Stima Kavu ya Bwana Mangeni

Siku ile Zubairi hakuwa na nia ya kumtapeli mtu. Tumtendee haki. Alikuwa ametoka kwao Tororo asubuhi, suti ya kijivu imepigwa pasi, viatu vinang'aa, akaingia kwenye hoteli ndogo ya Nasrudin pale Busia, upande wa Uganda, karibu na foleni ya malori yanayosubiri kuvuka kwenda Kenya. Alitaka chai ya maziwa na chapati mbili, basi. Riziki ndiyo iliyomfuata mezani.

Riziki hiyo ilikuwa na kitambi, miwani ya fremu ya dhahabu na sauti ya kuamrisha. Ilikaa meza ya pili na kuanza kumlalamikia mwenye hoteli.

"Nasrudin, hiyo mashini imenimaliza. Amplifaya ya kilo arobaini! Spika inafika hapa kwa kifua! Nimeitoa Nairobi, nimelipia ushuru, na bado inalia mmmmmm. Kama ng'ombe mgonjwa."

"Labda ndiyo hiyo rumba yako, mzee," Nasrudin alisema huku akifuta meza.

"Rumba hailii mmmmmm! Mafundi watatu wamekuja. Wa mwisho ameniambia nipunguze sauti. Mimi, Geoffrey Mangeni, nipunguze sauti ndani ya nyumba yangu!"

Zubairi hakugeuka. Aliikoroga chai yake taratibu, akatikisa kichwa kama daktari aliyeona kidonda kutoka mbali, kisha akaiambia ile chai, kwa sauti ya kutosha meza mbili:

"Stima majimaji."

Kiti kikakwaruza sakafu.

"Umesema nini, ndugu?"

"Samahani, mzee wangu. Nilikuwa najisemea tu. Ni ugonjwa wa kazi."

"Kazi gani?"

"Sauti. Mimi ni injinia wa sauti. Nimesomea Mombasa, nikamalizia Dubai."

Mombasa aliwahi kufika mara moja na akaombwa asirudi. Dubai aliiona kwenye kalenda ya kinyozi.

Mangeni alihamia meza yake pamoja na sahani yake ya katogo, ndizi zilizochemshwa na utumbo. Zubairi akamtazama kwa huruma.

"Nikuulize, mzee. Stima yetu ya Uganda inatoka wapi?"

"Jinja."

"Jinja kuna nini?"

"Kuna mto."

"Na ndani ya mto?"

Mangeni alifikiri. Alikuwa mtu aliyepitisha mizigo mpakani miaka ishirini, akajenga ghorofa, na hakuzoea kuulizwa maswali ambayo hayana muhuri. "Maji," alisema hatimaye, na uso ukambadilika.

"Mimi sijasema kitu," Zubairi alisema. "Wewe mwenyewe umesema. Sasa wenzetu wa Kenya, stima yao nyingi inatoka chini ya ardhi, kule Bonde la Ufa. Moto! Mvuke! Stima kavu. Vuka hapo geti, usikilize redio za kwao zinavyoimba. Zetu zinakohoa."

"Lakini mvuke si maji pia?" Nasrudin aliuliza.

"Nasrudin, nyamaza," Mangeni alisema. "Mtu anaongea na injinia."

Zubairi akamsogelea. "Na kuna jambo la pili. Stima ya muziki wako inalala kitanda kimoja na ya pasi, ya pampu, ya friza. Kila mmoja anamwachia mwenzake uchafu. Muziki wa hadhi unahitaji laini yake ya peke yake, kutoka kwenye bodi ya swichi moja kwa moja hadi kwenye amplifaya, isiyosalimiana na mtu njiani. Na kabla ya kufika, ikaushwe."

Nusu ya maneno hayo ilikuwa kweli tupu. Fundi yeyote wa stima angekwambia kwamba mashini ya muziki ikichangia laini na mashini nzito, itanguruma, na dawa yake ni kuipa laini yake. Zubairi alilijua hilo kwa sababu aliwahi kuishi chumba kimoja na fundi wa kweli huko Tororo, akamsikiliza miezi minane bila kuchangia kodi. Ile nusu ya pili ndiyo iliyokuwa na bei.

Chai na chapati zililipwa na Mangeni.

Alasiri ile ile walikuwa nyumbani kwake. Mlangoni, Zubairi aliambiwa avue viatu. Sebule ya Mangeni ilikuwa imepangwa kama kanisa: viti vyote vinaitazama mashini, mashini haimtazami mtu. Kila Jumapili mwenye nyumba aliwaita watu kusikiliza, na sheria zilikuwa zinajulikana. Hakuna kukohoa. Hakuna kuuliza ni wimbo wa nani. Shemeji zake kutoka Dabani walikuwa wamepigwa marufuku tangu siku mmoja wao alipoanza kucheza.

"Jumapili hii anakuja Egau," Mangeni alinong'ona, kana kwamba spika zina masikio. "Yule wa simenti, wa Tororo. Yeye ana spika ndefu kuliko mimi. Mwaka jana alikuja hapa, akasikiliza nyimbo mbili, akaniuliza, 'Mangeni, umefungia nyuki wapi?' Mbele ya watu!"

Akabonyeza. Gitaa likaanza vizuri, tamu kabisa. Kisha, kutoka nyuma ya ukuta, kitu kikasema tk, na spika zikaanza: mmmmmm.

Zubairi alifumba macho kwa uchungu wa kitaalamu. Ndani ya moyo wake alikuwa anacheka. Ile tk ilikuwa friza.

Aliomba kukagua bodi ya swichi, akapitishwa ukumbini. Mlango wa stoo ulikuwa wazi. Humo kulikuwa na friza tatu kubwa, na mwanamke mwembamba mwenye aproni ya plastiki akipanga samaki, mbuta na ngege waliotoka ziwani Majanji asubuhi. Huyo alikuwa Loy, mke wa Mangeni, ambaye watu wa soko walimwita Mama Nerima. Samaki wake waliliwa katika hoteli za Busia na Tororo, na ndio, kusema ukweli, waliokuwa wanailisha nyumba tangu Mangeni aache kazi ya mpakani ili kusikiliza muziki.

"Huyu ni injinia," Mangeni alisema. "Anakuja kukausha stima."

Loy alimtazama Zubairi kuanzia tai hadi soksi. "Karibu," alisema. "Na ya friza zangu mtanitengenezea lini? Mwaka wa pili huu naomba laini. Zikiwaka zote tatu, swichi inaruka."

"Mama Nerima, pesa ya waya hakuna," Mangeni alijibu.

Dakika tano baadaye alikuwa amekubali kumlipa Zubairi milioni tano.

Kesho yake Zubairi alirudi na sanduku la bati lililopakwa rangi ya kijani, zito, lenye taa mbili ndogo, nyekundu na bluu. Kifuniko kilikuwa na skrubu nne, na juu yake alikuwa amebandika karatasi: USIFUNGUE. Ndani mlikuwa na makaa. Aliyanunua njiani, kilo nne, kutoka kwa mama mmoja aliyeyatoa Merikit.

"Hiki ndicho kikaushio," alisema. "Leo ni majaribio tu. Naomba kila mtu atoke nje, hata wewe mzee. Stima ikianza kukauka inatoa joto."

Mangeni alitoka akiwa amejaa heshima. Loy alikuwa sokoni. Zubairi alipitisha waya wa amplifaya ndani ya sanduku, ukaingilia upande huu na kutokea upande ule, ukachomekwa kwenye soketi ile ile ya zamani. Kisha akaenda ukumbini, akafungua bodi, akatafuta swichi iliyoandikwa STOO, akaishusha. Friza zikanyamaza.

"Ingia, mzee."

Gitaa lilianza. Likaendelea. Wimbo mzima ukapita bila ile mmmmmm. Mangeni alikaa kwenye kiti cha mbele, mikono juu ya magoti, na ulipofika wimbo wa tatu akavua miwani, akafuta macho.

"Injinia," alisema, "nasikia hadi mate ya mwimbaji."

"Hayo ni mate makavu, mzee."

"Makavu kabisa!"

Milioni tatu zilitolewa saa hiyo hiyo kama advansi. Mbili zingelipwa Jumapili, baada ya Egau kusikia. Zubairi aliondoka akiwa na furaha kubwa mno, na furaha ina tabia ya kusahaulisha. Hakuirudisha ile swichi. Au labda tuseme aliiacha makusudi, maana kuirudisha kungeamsha ng'ombe mgonjwa kabla bahasha haijafika mfukoni. Vyovyote vile, alilala Busia usiku ule kwenye gesti nzuri, akaagiza kuku.

Asubuhi alikuwa kwa Nasrudin, chapati mkononi, akipima kama avuke kwenda Kenya sasa hivi au asubiri zile milioni mbili, beseni kubwa la plastiki liliposhushwa mbele yake kwa kishindo. Chai ilimwagika.

Ndani ya beseni mlikuwa na mbuta. Walikuwa wamelegea, macho meupe, maji yanachuruzika.

"Hii samaki yako," Loy alisema. Akavuta kiti, akakaa. "Kula."

"Mama, sielewi..."

"Mimi naelewa. Jana nimerudi saa moja, nimekuta stima ya stoo iko chini. Bwana yangu hajui hata bodi inafunguliwa wapi. Aliyeingia pale ni mtu mmoja." Hakupandisha sauti. Hilo ndilo lililomtisha Zubairi. "Umezima friza, muziki umenyamaza, mzee amelia. Kilo sitini ya samaki. Sasa angalia nje."

Zubairi aliangalia. Ng'ambo ya barabara kulikuwa na stendi ya bodaboda, vijana zaidi ya ishirini wamelalia pikipiki zao, hawana abiria, hawana la kufanya.

"Wale wote wanakula samaki yangu kwa deni," Loy alisema. "Nikisema neno moja tu, lile la herufi tano, linaanzia na M, unalijua."

Zubairi alilijua. Alikuwa ameshalikimbia mara tatu maishani mwake, mara moja bila viatu.

"Mama Nerima," alisema, na ile lafudhi ya Mombasa ikaanguka chini ya meza, "tuongee."

"Ndiyo nimekuja tuongee. Mzee umemwambia laini ya peke yake. Vizuri. Utaiweka. Ya ukweli. Waya ya shaba, nene, swichi yake, na ile fimbo ya shaba ya kuzika chini. Lakini haiendi kwa muziki. Inaingia kwa stoo yangu."

"Na mzee?"

"Mzee utamwambia kitu. Wewe si ndiye injinia?" Akasukuma beseni karibu naye. "Na hii samaki utalipa."

Zubairi alipiga hesabu ya haraka. Ingemla sana, lakini angebaki hai, na milioni mbili za Jumapili zingekuwa zake zote. Kisha Loy, akiwa amesimama kuondoka, akasema kama mtu anayekumbuka jambo dogo:

"Na yule Egau ana nyumba tatu. Akisikia mzee ana kitu, yeye anataka mara tatu."

Hapo ndipo Zubairi alipofungwa kamba. Angeweza kutoroka mchana ule. Mpaka ulikuwa hatua mia nne kutoka pale. Lakini mtu ambaye maisha yake yote amevua watu kwa tamaa zao, yeye mwenyewe akaona chambo kinaning'inia, akafungua mdomo. Nyumba tatu! Akalipia samaki, akaomba risiti kwa mazoea, akacheka peke yake.

Loy hakumwachia achague fundi. Alimleta Apendi, mwanamke wa makamo kutoka Iyolwa, mwenye leseni, ngazi yake mwenyewe na maneno machache. Apendi aliandika orodha ya vifaa, na Zubairi alipoisoma alihisi mate yakikauka, kavu ya kweli kweli.

"Hii waya nene hivi ya nini? Tuchukue ile nyembamba."

"Nyembamba itaungua," Apendi alisema.

"Itachukua muda gani kuungua?"

Apendi aliikunja orodha yake. "Wewe ni injinia wa wapi?"

Vifaa vilinunuliwa kwenye duka ambalo Loy alilitaja, na Loy alikuwepo, akikwaruza kila waya kwa kisu kidogo cha samaki kuhakikisha si alumini iliyopakwa rangi. Kila Zubairi alipotoa noti, alijisemea moyoni: nyumba tatu.

Mzee Mangeni, aliyeambiwa asiiwashe mashini hadi laini ikamilike, alifuata kazi kwa shauku kubwa. Alitaka kujua kwa nini laini ya muziki inaelekea stoo.

"Ah, mzee," Zubairi alisema, na hapa lazima tukiri alikuwa hodari, "kikaushio kinapata joto. Kinahitaji kukaa mahali pa baridi. Nyumbani kwako ni wapi kuna baridi?"

"Stoo!"

"Umesema mwenyewe. Stima itaingia stoo, itakauka juu ya friza, kisha itatoka kwa waya huu mwembamba na kuja sebuleni."

Ule waya mwembamba ulitokea stoo na kuishia nyuma ya pazia la sebule, haujafungwa na kitu. Amplifaya iliendelea kula kwenye soketi yake ya siku zote. Apendi aliyaona yote hayo kutoka juu ya ngazi, akageuza uso ukutani, mabega yakamtikisika.

Ijumaa ilibaki kazi ya kuzika fimbo ya shaba nje.

"Shimo," Apendi alisema.

"Tafuteni mtu achimbe."

"Watu wanalipwa," Loy alisema kutoka mlangoni. "Wewe una mikono."

Basi wakazi wa mtaa ule wakapata bahati ya kumwona injinia wa Dubai amekunja suruali ya suti hadi magotini, anapiga sururu kwenye maram, ule udongo mwekundu wa barabarani, ngumu kama saruji, jua la saa saba kichwani. Alichimba hadi alasiri. Malengelenge yalimtoka na kupasuka. Mangeni alimletea maji mara mbili na kumuuliza kama kweli huko Dubai mainjinia huchimba wenyewe.

"Wakubwa tu," Zubairi alisema, akihema.

Alipokuwa shimoni, Mangeni alirudi ndani. Tunapaswa kumfuata, maana hapo ndipo mambo yalipogeukia upande ambao hata Loy hakuutarajia.

Mzee alikuwa na swali lililomwasha tangu Jumatano: ndani ya sanduku mna nini? Aliingia stoo, akasoma karatasi inayosema USIFUNGUE, akaona ni kwa ajili ya watu wa kawaida. Alitafuta kisu, akafungua skrubu nne, akainua kifuniko. Makaa. Akachokonoa kwa kidole. Makaa hadi chini, na waya unapita katikati.

Mtu mwingine yeyote, mwenye akili za kununulia hata kiberiti, angepiga kelele hapo hapo. Angetoka nje na ile sururu isingechimba tena ardhi. Lakini Mangeni alikuwa ameshalia mbele ya mashini ile. Alikuwa amesikia mate makavu kwa masikio yake mwenyewe. Kwamba masikio yake yanaweza kuwa ya kijinga ni wazo ambalo halikupata mlango wa kuingilia. Alisimama pale, makaa mkononi, na taratibu uso wake ukajaa tabasamu.

"Ni hii tu?" alinong'ona. "Siri yote ni hii tu? Milioni tano, na siri ni makaa!"

Akafunga skrubu zake nne, akanawa mikono, akampigia simu fundi wa mabati.

Jumamosi Apendi aliwasha laini mpya. Friza tatu zikawaka kwa pamoja, swichi haikuruka, na kwa kuwa sasa zilikuwa na laini yao, muziki uliacha kulalamika, safari hii kwa haki kabisa. Loy alisimama katikati ya stoo akizisikiliza friza zake kama mumewe anavyosikiliza rumba. Alimlipa Apendi kwa mkono wa Zubairi. Katika milioni tatu, Zubairi alibaki na pesa ya gesti ya usiku mmoja na ya kuchapisha kadi hamsini za biashara: ZUBAIRI STIMA KAVU, BUSIA, TORORO, DUBAI.

Jumapili aliwasili saa tisa, suti imefuliwa, mikono imefungwa bendeji chini ya glovu nyeupe. Gari kubwa la Egau lilikuwa limeshaegeshwa. Alivua viatu, akaingia akiwa na tabasamu la nyumba tatu.

Egau alikuwa kwenye kiti cha mbele, mtu mnene, mpole, aliyefumba macho. Mbele yake alisimama Mangeni. Alikuwa amevaa koti jeupe refu, la aina ya daktari, na kalamu tatu mfukoni. Mezani kulikuwa na masanduku manne ya bati, mapya, ya kijani, yenye taa nyekundu na bluu.

"...kwa sababu stima yetu inatoka Jinja," Mangeni alikuwa anasema. "Na Jinja kuna nini?"

"Mto," Egau alijibu bila kufumbua macho.

Zubairi akapiga hatua mbele. Akakohoa. Watu wote walimgeukia kwa hasira. Sebule ile haikuwa ya kukoholewa.

"Mzee Mangeni. Samahani. Nimekuja kwa ile balansi. Na pia nijitambulishe kwa mheshimiwa."

"Balansi gani?" Mangeni alisema. "Egau, huyu ndiye yule alikuwa ananichimbia shimo."

"Ah, pole kwa kazi," Egau alisema kwa ukarimu.

Zubairi alimvuta Mangeni pembeni, karibu na pazia. "Mzee, unafanya nini? Hii ni kazi yangu!"

"Nimefungua sanduku," Mangeni alimwambia sikioni. "Makaa. Hukuona aibu, kijana wangu, kuniuzia makaa kwa milioni tano?"

Zubairi alianza kuutafuta mlango kwa macho. Lakini Mangeni hakuwa na hasira; alikuwa na dharau ya mfanyabiashara.

"Mimi nimenunua gunia zima kwa bei ya kawaida. Na nimejaribu na ya jikoni kwangu. Inakausha zaidi ya ile yako. Ile yako ilikuwa na mchanga."

"Si makaa yoyote tu, mzee," Zubairi alijaribu. "Yale ni maalumu. Yamechomwa kitaalamu..."

"Merikit. Nimemuuliza mama aliyekuuzia."

Upande wa pili Egau alikuwa ameshafungua begi na anahesabia noti mezani, mafungu manene, kwa nyumba ya kwanza. Zubairi aliyaangalia yale mafungu. Alikuwa ameyatolea jasho, malengelenge, kilo sitini za samaki na waya wa shaba wa bei ya juu kabisa Busia. Kitu kikamkatika ndani. Kwa mara ya kwanza katika miaka mingi, akiwa amesimama bila viatu mbele ya watu kumi na wawili, Zubairi alisema ukweli.

"Ni uongo!" alipiga kelele. "Mheshimiwa Egau, usitoe hata mia! Hakuna stima kavu! Hakuna stima yenye maji! Stima ni stima! Mimi ndiye niliyetunga, pale kwa Nasrudin, nikinywa chai! Friza ndizo zilikuwa zinaunguruma, sasa zina laini yao, basi! Ule waya wa sanduku haujafungwa popote. Vuteni pazia mwone!"

Hakuna aliyevuta pazia. Mashini iliendelea kuimba, safi, bila mlio.

Egau alifungua macho, akamtazama kwa makini, kisha akamgeukia Mangeni.

"Huyu anataka kukuharibia soko," alisema. "Unaona? Mtu anapiga kelele hivi kwa kitu cha uongo? Mimi nimefanya biashara ya simenti miaka thelathini. Wakianza kukutukana, ujue bidhaa ni nzuri." Akaingiza mkono tena ndani ya begi. "Nilikuwa nataka moja nijaribu. Nipe zote nne."

"Mheshimiwa, naapa, mimi ni tapeli!"

"Hata yeye anakubali," Mangeni aliwaambia wageni kwa huzuni. "Kuna watu wa namna hiyo siku hizi, wanajifanya mainjinia. Muwe macho. Mtoeni, tafadhali, taratibu. Wimbo unaofuata una besi."

Wageni wawili walimshika mikono. Alipopiga kelele kwa maumivu ya viganja chini ya bendeji, walimshika viwiko. Ukumbini walipita mbele ya stoo, na Loy alikuwa anamwonyesha dereva wa Egau ngege walioganda vizuri, akimwambia bei ya Tororo. Aligeuza kichwa akamwona Zubairi anavyoburutwa kwenda mlangoni, anaapa kwa kila mtu kwamba amesema ukweli.

"Mwachieni achukue viatu vyake," aliwaambia wale wageni. Kisha akamgeukia dereva. "Kilo ngapi?"